Kufuli liko upande gani? Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi

Mheshimiwa Meya,

Kila habari mbaya inapotoka katika kanisa la mtaani, mji huu hulia kwa sauti moja: "Sekte ile, kundi lile potovu, ifungwe!" Kisha hufuata ombi la pili, kwamba serikali iandike orodha, huku dini, kule sekte. Tunaoandika barua hii ni wanasheria, wauguzi na wahudumu wa jamii wa komuni za Katuba, Kenya na Ruashi za mji huu, na miongoni mwetu wamo wahubiri na mwalimu wa madrasa. Orodha hiyo tunakuomba usiiandike. Tunachoomba ni karatasi moja ya maswali, pamoja na watu wanaojua kuuliza.

Neno lenyewe limetuchanganya. Jumapili asubuhi Mlushwa, yaani mwenyeji wa Lubumbashi, anakwenda "kulte" (ibada) bila aibu yoyote, na neno hilohilo mdomoni mwa Mwingereza ni tusi. "Sekte" nayo kwa kawaida ni kanisa la jirani, hasa likiwa na bafle (spika) kubwa kuliko letu.

Mji wako unajua vizuri orodha huzaa nini. Simon Kimbangu alianza kuponya na kuhubiri Nkamba mwaka 1921. Oktoba mwaka uleule mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo, mfalme wa Ubelgiji akabadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akaletwa huku Élisabethville, jina la zamani la mji wako. Alikaa gerezani miaka 30 hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Kwa macho ya wakoloni alikuwa kiongozi wa sekte ya hatari. Mwishoni mwa 1959 serikali ileile ya kikoloni ilitambua kanisa lake, na leo viongozi wake huketi mbele kwenye sherehe za taifa.

Sasa tazama kinyume chake. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alibatiza watu Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) kisha akavuka mpaka akaingia Katanga. Alikuwa na mahubiri, nyimbo na maji, kama wahubiri wengine. Lakini ubatizo wake ulikuwa mtihani: ambaye mwili wake haukuzama vizuri alihesabiwa mchawi, na walioshindwa walizamishwa mpaka wakafa. Watu wengi waliangamia pande zote mbili za mpaka kabla hajanyongwa mwaka 1926. Mtu aliyesoma mafundisho yake tu kwenye karatasi asingeona hatari yoyote.

Na karatasi ya usajili? Kundi la Kanungu, Uganda, lilikuwa limesajiliwa kihalali. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari, na baadaye makaburi ya halaiki yakapatikana kwenye nyumba nyingine za kundi hilo. Huku kwetu makanisa mengi hutundika karatasi ya usajili iitwayo F92 ukutani kwenye fremu nzuri, karibu na picha ya mtume na mkewe. Karatasi hiyo inaeleza kwamba faili lilipokelewa. Haielezi watu wanalala wapi.

Mobutu naye alijaribu njia ya orodha. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilianza kwa kutambua makanisa matatu tu: Katoliki, Kanisa la Kristo lililowaunganisha Waprotestanti, na Wakimbangu. Waliobaki nje walijificha chini ya mwavuli wa makanisa yaliyotambuliwa, au wakasali ndani ya nyumba zilizofungwa madirisha, yaani pale hasa ambapo jicho la serikali halifiki. Ufaransa, ambayo tunapenda kuiga sheria zake, ilikuwa na ripoti ya bunge ya 1995 iliyotaja makundi 173. Mwaka 2005 waziri mkuu wao aliagiza watumishi waache kuitegemea orodha hiyo, na waangalie matendo.

Matendo, basi. Katiba yetu inasema vivyo hivyo. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu, mradi aheshimu sheria, utulivu wa umma, maadili mema na haki za wengine. Kwa hiyo afisa wako hana haja ya kujua kama nabii kweli aliona malaika. Anahitaji kujua nini kinampata muumini anaposema hapana.

Mtu atatupinga: dini zote hudai sana. Ni kweli. Mtawa huacha mali, ndoa na hata jina lake. Mwislamu hufunga mwezi mzima. Tofauti iko kwenye breki. Kanisa Katoliki halimruhusu kijana aweke nadhiri za milele kesho yake: kuna unovisi, yaani majaribio, wa miezi 12 angalau, kisha nadhiri za muda zisizopungua miaka mitatu, na anaweza kufunga sanduku lake akarudi kwa mama wakati wowote wa unovisi, au nadhiri za muda zikiisha. Ramadhani ina mwisho kila magharibi, na Kurani yenyewe inampa ruhusa mgonjwa na msafiri. Dini iliyoishi muda mrefu imezika watu wa kutosha kujua kwamba bidii ya waumini inahitaji kizuizi. Kundi linapokuwa hatari, utakuta breki zimeng'olewa moja moja na dereva amebaki mmoja, ambaye hakuna baraza, hesabu wala mzee anayeweza kumwambia "simama".

Tunaomba wakaguzi wako waanzie mlangoni. Makanisa mengi ya uamsho hapa yana nyumba ya nyuma ambamo watu "hufungwa" kwa maombi, siku tatu, saba, ishirini na moja. Swali la kwanza ni la fundi seremala: kufuli liko upande gani? Likiwa ndani, funguo kwa anayelala humo, hicho ni chumba cha sala. Likiwa nje, funguo kwa shemasi, ni kizuizi, na kanuni ya adhabu ina jina lake: kumkamata au kumweka mtu kizuizini kinyume cha sheria, kifungo cha mwaka 1 hadi 5, na zaidi akiteswa au akifa. Mnyororo unaofungwa kwa mgonjwa wa akili "asije akajiumiza" unaangukia hapohapo. Familia kumleta wenyewe hakubadilishi kitu.

Kisha mkaguzi ahesabu magodoro na sahani. Magodoro ishirini na sahani nne ni jibu tayari. Auonje mtungi wa maji. Mfungo wa kunywa maji ni jambo moja; mfungo mkavu katika joto la Oktoba unaweza kumuua mtu mzima kwa siku chache, na mtoto mapema zaidi. Mama mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mgonjwa wa kisukari hawapaswi kuwa kwenye mfungo huo, na mchungaji akiulizwa "nani amesamehewa?" lazima awe na jibu. Asiyekuwa nalo hana breki.

Dawa ndipo tunapopoteza watu wengi kimyakimya, bila moto wala makaburi ya kuonyesha kwenye televisheni. Mchungaji husema "usinywe tena, umepona". Mgonjwa wa kisukari anayeishi kwa insulini hufa ndani ya siku chache. Wa kifafa aliyekuwa akimeza fenobabito, akiacha ghafla, huja na degedege zisizokoma, ambazo kanisani huonekana kama pepo anayekataa kutoka. Hapo huombewa kwa nguvu zaidi badala ya kupelekwa hospitali. Wa kifua kikuu huacha matibabu ya miezi 6 kwenye mwezi wa pili kwa sababu kikohozi kimepungua, anaanza kushuhudia, na baada ya muda anarudi na ugonjwa usiosikia dawa za kawaida, akiwa amekaa miezi akikohoa katikati ya waimbaji. Mkaguzi aulize waziwazi: vidonge vya wagonjwa viko wapi? Vikiwa kwenye droo ya mchungaji, apige simu kituo cha afya siku hiyohiyo. Maombi pamoja na vidonge si kosa la mtu yeyote, na wachungaji wengi wa mji huu husema hivyo hivyo mimbarani.

Kuhusu watoto, sheria haina ukungu. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inaweka kifungo cha mwaka 1 hadi 3 pamoja na faini. Shtaka huanzaje? Mnyororo huwa uleule: mzazi amekufa au ameoa tena, riziki imepungua, mtoto anakojoa kitandani au ana kifafa, mtu mmoja nyumbani ananong'ona "ni mulozi" (mchawi), kisha mchungaji anaitwa kuthibitisha. Kabla ya uthibitisho huo ni ugomvi wa familia. Baada yake mtoto ana hukumu, na mara nyingi hatua inayofuata ni barabara na jina la shege, mtoto wa mtaani. Kwa hiyo mkaguzi aulize kuhusu kila mtoto aliyelala pale: mzazi wake ni nani, yuko shule gani, amekaa siku ngapi. Asimhoji mbele ya waliomshtaki. Amkabidhi kwa mhudumu wa jamii na mahakama ya watoto, asimlaze kwenye kachoti (selo) ya polisi, na tafadhali, asipige picha ya uso wake kwa ajili ya WhatsApp.

Pesa tutazipitia haraka, maana mji wote huzungumza juu ya pesa na kusahau mengine. Fungu la kumi ni desturi. Kiwanja si desturi. Muumini akija na karatasi za paseli yake (kiwanja) ili aihamishie kanisa au mchungaji, Kanuni ya Familia inataka kibali cha mume na mke wote wawili. Huduma zako zikatae sahihi moja, na zimwite mwenzake aje mwenyewe, bila shemasi.

Sasa namna ya kwenda. Wapinzani wa mchungaji wasiwemo kwenye timu, kwa maana mashtaka mengi ya "sekte" katika mji huu ni ugomvi wa waumini waliohama. Polisi wabaki nje hadi waitwe. Waende mara mbili, mara moja mchana wa katikati ya juma na mara moja alfajiri baada ya mkesha, kwani kila nyumba hupendeza ikijua mgeni anakuja. Waongee na waumini watatu mbali na kiongozi, na wamwulize kila mmoja jambo lilelile: mtu wa mwisho aliyeacha kanisa hili ni nani, na mnasalimiana naye bado? Jibu la "hatusalimiani, ni msaliti, atakufa" linasema zaidi kuliko saa mbili za mahubiri.

Kosa kubwa kuliko yote ni kufunga jengo ukadhani umefunga kundi. Nchini Kenya, mhubiri wa Malindi alikamatwa zaidi ya mara moja, na mwaka 2019 kanisa lake likafungwa (mwenyewe alisema ni yeye aliyelifunga). Wafuasi walimfuata hadi msitu wa Shakahola, mbali na majirani, shule na zahanati. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa huko. Jirani anayelalamika juu ya kelele za bafle ni usumbufu kwa ofisi yako, lakini ndiye pia jicho la bure. Ukilisukuma kundi hadi barabara ya Kasenga au kwenye mashamba ya Kipushi, umelipoteza jicho hilo. Tena, shambulio la usiku lenye bunduki humpa nabii zawadi: alitabiri mateso, na mateso yamekuja.

La mwisho ni la jikoni, na linaua watu baada ya kuokolewa. Mtu aliyekaa siku kumi bila chakula asipewe bukari (ugali) na samaki kwa furaha ya kumwona hai. Mwili uliozoea njaa ukijazwa wanga ghafla, fosfati na potasiamu katika damu hushuka, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku chache za kwanza. Apewe kwanza vitamini B1, kisha mtu mzima wa kilo 50 aanze na kalori 500 hivi kwa siku, yaani uji wa gramu 140 za unga wa mahindi uliogawanywa mara nyingi, akiwa chini ya uangalizi. Mtoto apelekwe moja kwa moja kwenye kituo cha utapiamlo, aanze na maziwa ya tiba ya F-75, kidogo kidogo kila baada ya saa tatu. Mtu mmoja wa zahanati awemo kwenye kila timu, kwa sababu hii tu.

Tunaomba basi uagize maburugumesta wa komuni zote saba watumie karatasi hiyo ya maswali kupitia mashefu wa kartie (viongozi wa mitaa). Makosa ya jinai yaende parke, kwa mwendesha mashtaka, na kelele zibaki kelele. Rasimu tumeiacha kwenye sekretarieti yako. Ina maswali kumi na mawili upande wa mbele. Upande wa nyuma tumeuacha mtupu, mchungaji aandike majibu yake na kutia sahihi.

Kwa heshima,
Wanasheria, wauguzi, wahudumu wa jamii na wahudumu wa dini wa Katuba, Kenya na Ruashi
Lubumbashi