Kaole: anzeni na kabati, makaburi baadaye

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na walimu wanaoleta wanafunzi Bagamoyo. Ziara ya magofu ya Kaole, mji wa kale wa Waswahili, huendeshwa kinyumenyume. Basi likisimama tu, watoto wanakimbilia makaburini kupiga picha. Nyumba ndogo ya makumbusho huachiwa dakika kumi za mwisho, dereva akishapiga honi. Ukianza hivyo utaona kuta mbovu, basi.

Anzeni ndani, kwenye kabati la makumbusho, wanafunzi wasiozidi 15 kwa zamu, maana chumba ni kidogo na wa nyuma haoni kitu. Wafundisheni kutazama kigae, yaani kipande cha chombo cha udongo au kauri, pale kilipovunjika, si urembo wa juu. Chungu kilichofinyangwa hapa pwani huwa chekundu au cheusi kwa ndani, na chembe za mchanga zinaonekana. Chombo cha Ghuba ya Uajemi kina udongo laini wa manjano hafifu, juu yake umepakwa utando wa buluu-kijani unaong'aa kama kioo. Kauri ya China ni nyeupe au ya kijivu hafifu mpaka katikati, nayo ni ngumu. Mtoto akishashika tofauti hizo tatu, ameshajua biashara ya Bahari ya Hindi ilifika wapi kabla hajafungua daftari.

Ndipo mtoke nje. Makaburi ya nguzo ya pwani yetu, yaliyosimamishiwa nguzo ndefu ya mawe, yalipambwa kwa mabakuli ya kauri yaliyopachikwa ukutani kwa chokaa. Mengi yameng'olewa, vimebaki vidaka vya duara. Aliyeona kauri kwanza atakitambua kidaka. Asiyeona atadhani ukuta umeliwa na mvua. Nendeni mapema, saa mbili asubuhi hivi, jua likiwa bado limelala: kivuli chake hutoa michoro ambayo saa sita haionekani kabisa.

Msikitini, mwambieni mwanafunzi asimame mbele ya mihrabu, kidaka cha ukutani kinachoonyesha upande wa Makka, na dira mkononi. Ataelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini sawia ya Bagamoyo, na bahari itakuwa upande wake wa kulia. (Anayedhani Waislamu popote huelekea mashariki angepaswa kufika Kaole.)

Kosa jingine ni kuchanganya zama. Kaole ilikwisha nguvu zamani, kabla misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19 haijaipa umaarufu Bagamoyo, iliyo kilomita kama 5 kaskazini. Kuonyesha misikiti ya Kaole na kusema hapa ndipo watumwa walipouzwa ni kupoteza watoto. Habari hizo zina mahali pake: makumbusho ya Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa 1868, na mnara ambamo mwili wa Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Pangeni huko mchana, baada ya chakula. Kaole peke yake ipewe saa mbili.

La mwisho ni mifuko. Watoto huokota vigae chini na kuondoka navyo, na walimu wengine pia. Kigae hueleza tarehe kwa sababu ya kina kilipolala na vilivyolala jirani yake. Kikishaondolewa, mtaalamu bado anaweza kutambua kilikotengenezwa, lakini hawezi tena kusema kinaeleza nini kuhusu mahali kilipolala. Usikirudishe kwa kukitupa popote, huo utakuwa uongo uliopandwa ardhini. Mkabidhi mlinzi na umwonyeshe ulipokitoa. Wala msipande kuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, chumvi ya bahari imeyatafuna kwa ndani, na jiwe linaloonekana imara hung'oka kwa uzito wa mtoto wa darasa la nne.

Wapenzi wa mambo ya kale,
Bagamoyo