Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii: mtoto asihojiwe dirishani

Ndugu Kamishna,

YAH: MTOTO ALIYEASILIWA, KUTOKA MAHAKAMANI HADI KWENYE NDEGE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwaka huu nimeandika barua nyingi zenye mwanzo huo, hata juzi nilikaribia kumwandikia hivyo mume wangu kwenye simu.

Mimi na yeye tuliondoka Tanzania tukiwa vijana, tukaangukia Minnesota, na baadaye tukachukua uraia wa Marekani. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku tuliyokula kiapo kule, huku tukawa wageni. Tulikuwa tumerudi Dar es Salaam kikazi mdogo wangu alipofariki Njombe na kuacha binti wa miaka mitatu. Baba wa mtoto alishatangulia. Matanga yalipoanuliwa hakuna aliyeuliza mtoto ataenda kwa nani. Mimi ni mama yake mkubwa, na kwetu hilo halina mjadala.

Mahakamani lina mjadala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka asiye raia awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto kwa malezi ya kambo walau miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu, tena aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri ya kuasili, yaani ya kumfanya mtoto awe wako kisheria. Wenzangu wengi wa diaspora wanailalamikia hiyo miaka mitatu. Mimi siilalamikii. Mtu anayeshuka kwenye ndege Jumatatu na Ijumaa anapanda tena akiwa na mtoto wa watu mkononi, namwogopa, hata akijiita shangazi. Mabinti wangapi wametolewa Iringa na Njombe kwenda kufanya kazi za ndani mijini, wakisindikizwa na "shangazi" ambaye ukoo haumjui? Afisa wako aliyekuwa anakuja kwetu bila taarifa, akafungua friji na kumuuliza mtoto amekula nini, alinikera siku ya kwanza. Siku ya tatu nilimheshimu.

Shida yangu ilianza baada ya amri ya mahakama kutoka. Mpaka hapo kila hatua ilikuwa na mtu wa kuniambia inayofuata ni ipi: wakili, afisa ustawi, karani. Nilipokabidhiwa ile karatasi yenye muhuri, wote wakanipongeza, wakaenda kula chakula cha mchana. Kuanzia pale nikawa nasafiri usiku bila taa.

Nilijifunza kwa kugonga mwamba. Kwanza mtoto aingizwe kwenye rejesta ya watoto walioasiliwa inayotunzwa na Msajili Mkuu wa Vizazi na Vifo, yaani RITA. Hilo likipita ndipo pasi ya kusafiria iombwe, shilingi 150,000, kwa jina lake jipya. Anasafiri kwa pasi ya Tanzania, maana bado ni Mtanzania. Mimi nilianzia kwenye pasi, nikarudishwa.

Halafu kuna upande wa Wamarekani. Wao amri ya mahakama yetu haiwatoshi. Wanachunguza upya kama mtoto ni yatima kwa tafsiri ya sheria yao, na wanataka vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili. Ndugu Kamishna, mdogo wangu alizikwa siku ya pili yake, watu wakala, wakarudi shambani kupalilia viazi. Nani alifikiria cheti? Ilibidi nirudi kijijini miaka minne baadaye kutafuta barua ya mtendaji, mashahidi wa mazishi na hati ya kiapo. Vilipopatikana, jina la marehemu likawa na R kwenye cheti kimoja na L kwenye kingine. Wewe unatujua watu wa Nyanda za Juu Kusini. Kiapo kingine.

Daktari anayetambuliwa na ubalozi alimpima kifua kikuu kwa kumtoa damu, akataka kujua chanjo. Hapo ndipo kadi ya kliniki, ile ambayo mdogo wangu aliihifadhi ndani ya mfuko wa sukari isipate unyevu, ikawa hati safi kuliko zote nilizokuwa nazo. Hakuna jina lililokosewa. Nesi wa zahanati aliandika kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, na kila tarehe ipo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Siku moja tulikuwa kwenye dirisha la ofisi ambayo sitaitaja, nayo haiko chini yako. Kijana wa zamu akaniuliza mimi ni nani wa mtoto. Nikasema mama yake. Akatazama cheti cha zamani cha kuzaliwa kilichokuwa kwenye faili.

"Hapa mama ni mwingine."

Nikamsogezea amri ya mahakama. Akasoma ukurasa wa kwanza.

"Kwa hiyo wewe ni mlezi. Mlezi anatakiwa alete barua ya ridhaa ya mzazi."

"Mzazi ndiye mimi, mdogo wangu. Ndiyo maana ya kuasili."

Akaniacha. Akainama dirishani mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Eti mtoto mzuri, mama yako wa kweli yuko wapi?"

Mtoto akamjibu, "Yuko Njombe, chini ya mparachichi."

Yule kijana akanigeukia kama aliyekamata mwizi. "Kumbe mama yupo! Yuko shambani."

Foleni nyuma yetu ilikuwa ya watu kama kumi na watano. Ilibidi niseme mbele yao, na mbele ya mtoto wa miaka saba, kwamba chini ya ule mparachichi kuna kaburi. Mtoto hakulia. Usiku ndipo aliponiuliza kama huko tuendako watamuuliza tena, na kama akikosea jibu ataachwa uwanja wa ndege.

Tangu siku hiyo maandalizi yetu ya safari yamegeuka. Nilikuwa namfundisha mambo ya ndege: masikio yatajaa, tafuna kitu, choo kinavuma lakini hakimezi mtu. Baridi haimtishi, ni mtoto wa Njombe, ingawa baba yake wa sasa, mume wangu, amemtumia picha ya theluji iliyofika kiunoni, naye akauliza viazi vyao wanavilima saa ngapi. Sasa badala ya hayo namkuta peke yake kitandani akifanya mazoezi ya kujibu: jina langu fulani, mama yangu fulani. Wakati mwingine ananitaja mimi, wakati mwingine anamtaja mdogo wangu, kisha anaanza upya. Nimemwambia majibu yote mawili ni sahihi. Haamini, maana alimwona yule kijana.

Ninaloomba ni dogo. Ofisi yako iandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mzazi akabidhiwe siku ileile amri inapotoka. Useme hatua zinavyofuatana baada ya mahakama. Useme nakala ngapi zithibitishwe. Mimi nilithibitisha tatu, zikahitajika tisa. Na useme kwa yeyote atakayeupokea dirishani kwamba aliyetajwa kwenye amri ni mzazi, si mlezi, hadaiwi ridhaa ya mtu mwingine, na kwamba maswali juu ya wazazi waliomzaa mtoto aulizwe mtu mzima, pembeni. Uwe na saini yako na muhuri. Kijana wa dirishani atabishana na mimi, lakini na muhuri wa Kamishna habishani.

Rasimu nimeiandika mwenyewe, nimeiacha kwa afisa ustawi aliyekuwa anafungua friji yetu. Ameirekebisha sehemu mbili, na yuko sahihi kwenye zote.

Visa imetoka. Akiingia Marekani na kugongewa muhuri, kwa sheria yao ya mwaka 2000 binti huyu atakuwa raia wao palepale, jambo lililonigharimu mimi miaka. Utanzania wake atabaki nao mpaka atimize miaka 18, ndipo sheria yetu itamtaka achague. Hilo nitakuandikia barua nyingine, Mungu akinipa uhai.

Keshokutwa tunapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Njombe. Yeye ndiye aliyetaka. Anasema hawezi kuondoka bila kumwambia mama, na amejitengea kiti cha dirishani ili aone twiga tukipita Mikumi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa kuasili,
Dar es Salaam