YAH: MALALAMIKO KUHUSU BETRI ZA KITI MWENDO CHANGU CHA UMEME

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanajeshi mstaafu wa JWTZ. Niliumia uti wa mgongo tarehe 7 Desemba 2017, kambi yetu ya kulinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, iliposhambuliwa, wenzetu 15 wakauawa. Tangu siku hiyo sina hisia kuanzia kiunoni kwenda chini, na bega la kulia halina nguvu ya kusukuma magurudumu.

Miaka minne mwanangu ndiye aliyenisukuma, asubuhi kabla ya shule na jioni akirudi. Nilipopata kiti chenu nilikwenda benki peke yangu kuchukua pensheni, na namba ya siri nikaibonyeza mwenyewe, mara ya kwanza tangu niumie. Nalisema hili mapema ili mjue kilichoharibika ni kitu gani, maana ujumbe wenu wote unakiita "bidhaa".

Mwezi Machi betri zilichoka. Kiti kinatumia mbili za volti 12, zikiungwa zinatoa volti 24. Nililipia mbili, nakala ya risiti nimeambatanisha. Fundi wenu akafunga moja mpya, ya zamani akaiacha humo humo. Fundi yeyote wa sola hapa Morogoro anajua betri mpya haiungwi na iliyochoka: dhaifu huisha kwanza, kisha huharibika zote.

Wiki ya tatu kiti kikazima katikati ya barabara pale Msamvu. Umeme ukikatika breki za mota hujifunga, na vishikizo vya kuzifungua viko nyuma, chini, mkono wangu haufiki. Watu walisukuma, magurudumu yamegoma. Lori linapiga honi. Vijana wa bodaboda na mama ntilie mmoja wakaninyanyua pamoja na kiti, zaidi ya kilo mia, wakanitua pembeni. Semuliki nilikuwa na bunduki na wenzangu. Pale nilikaa tu nikisubiri.

Nimewapigia simu mara sita. Jibu ni lile lile: kilete Dar es Salaam, matengenezo wiki mbili. Wiki mbili hizo nikae juu ya nini? Asiyehisi akishinda kwenye kiti cha plastiki hupata vidonda, na kimoja kimeshaanza. Mwanangu yuko chuoni Dodoma, hivyo pensheni sasa ananichukulia kijana wa jirani. Namba yangu ya siri anaijua.

Ndani ya siku 14 naomba fundi aje Kihonda na betri mbili mpya za aina moja, kwa gharama yenu, na awaonyeshe watu wa nyumbani vishikizo vya breki, maana siku ya kununua hakuna aliyetuonyesha. Akishindwa kukitengeneza hapa hapa, aniachie kiti kingine cha umeme kabla hajakichukua changu. Siku hizo zikipita, nitapeleka barua hii na risiti Tume ya Ushindani.

Wenu,
Sajenti mstaafu,
Kihonda, Morogoro.