Uongo wa Nusu Tarakimu

Mteja mmoja alituletea tuikague senti ya Marekani ya mwaka 1943, rangi ya shaba. Alishamlipa muuzaji. Nyumbani alikuwa ameipima, mizani ikasoma gramu 3.11, sawasawa na inavyotakiwa. Akaijaribu kwa sumaku, haikunasa. Alichotaka kwetu ni neno moja tu: halali.

Mwaka ule shaba ilikuwa inahitajika vitani, kwa hiyo senti za Marekani zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Chache mno zilitoka za shaba kwa makosa, na hizo ndizo wakusanyaji wanazozililia. Matapeli wengi huchukua ile ya chuma wakaipaka shaba, na hiyo sumaku inaiumbua papo hapo. Hii ya mteja wetu ilikuwa na ujanja zaidi.

Chini ya lenzi, ile 3 ya mwisho ilikuwa fupi. Kwenye 1943 halisi, mkia wa 3 hushuka wazi chini ya tarakimu nyingine. Hii iliishia palepale, na ubavuni mwake kushoto palikuwa na mikwaruzo myembamba ya kifaa cha kuchongea. Ilikuwa senti ya 1948. Mtu alikuwa ameikata 8 nusu.

Shaba yake ni halali, kiwanda ni halali, uzito ni halali. Uongo uko kwenye nusu ya tarakimu, na ndiyo maana tunaziogopa sarafu za namna hii kuliko feki za kumiminwa kwenye kalibu. Zile za kumiminwa hujitangaza zenyewe: uso una vishimo vidogovidogo, ukingo una mshono, uzito haukai sawa. Dola ya fedha ya Marekani iitwayo Morgan ina gramu 26.73, ukiletewa ya gramu 24, mrudishie mwenyewe.

Sarafu iliyobadilishwa inataka jicho lingine. Jiulize kwanza thamani yake imekaa wapi, kisha angalia hapohapo, kwa sababu tapeli naye hakugusa pengine. Chukua senti kumi ya Marekani ya 1916, ile iitwayo Mercury. Iliyotengenezwa kwenye kiwanda cha Denver ina herufi ndogo D nyuma, na zilitoka 264,000 tu. Za Philadelphia, zisizo na herufi, zilipita milioni 22. Kwa hiyo D inabandikwa. Kagua mguu wa herufi: ya kweli imeinuka pamoja na uso wa sarafu, ya kubandika huacha ufa mwembamba au utando wa gundi pembeni.

Hata kasha la plastiki lenye cheti, ambamo kampuni za ukaguzi hufungia sarafu, lisikulaze usingizi. Makasha yanaigwa, na namba ya cheti inaweza kunakiliwa kutoka kwenye sarafu ya kweli. Itafute namba hiyo kwenye tovuti ya waliotoa cheti, na kama wameweka picha, linganisha kila alama na iliyo mkononi mwako.

Ukituletea sarafu, tunapima uzito na kipenyo, tunaikagua kwa lenzi na kuilinganisha na picha za sarafu zilizothibitishwa, halafu tunakuonyesha wewe mwenyewe tulichokiona. Tusiporidhika tunakwambia, na tunakuelekeza kwenye maabara. Tunakuomba mambo mawili. Usiisafishe, maana ukisugua unafuta ushahidi na thamani kwa pamoja. Na uje kabla hujalipa, au walau uwe na maandishi kwamba fedha zitarudi sarafu ikigundulika si yenyewe.

Mteja wetu alikuwa na ahadi ya mdomo tu, na muuzaji hakupokea simu tena. Ilituuma sana, kwa sababu ukaguzi wa dakika kumi ungemwokoa. Senti ile alituachia. Tumeiweka kando ya 1948 nzima, na mkusanyaji mpya akija tunampa zote mbili na lenzi, tunamwacha aitafute ile 8 mwenyewe.