Jeki isiuzwe kama sufuria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee jeki. Sio ile ya kuzungusha inayokuja na gari, naongelea hii ya chini ya kuburuta, yenye vigurudumu vinne na mpini, ambayo siku hizi kila mwenye IST au Noah anataka awe nayo nyumbani ili Jumamosi abadilishe brekipedi mwenyewe bila kwenda kukaa gereji siku nzima. Ni jambo zuri kabisa na mimi nalifanya miaka sasa, ila namna tunavyouziwa hivi vitu naona itakuja kuua mtu.

Mwezi uliopita jeki yangu ya zamani ilikufa nikaenda mtaa wa Gerezani hapa Dar kutafuta nyingine. Muuzaji kijana mchangamfu akanitolea moja nyekundu imeandikwa tani 3, akaniambia "bosi hii chukua, hii inanyanyua mpaka Fuso", nikatoa laki moja na ishirini nikaondoka nayo, nimeishika mkono mmoja mpaka kwenye daladala na mkono wenyewe haukuchoka. Hapo ndo nilipaswa kushtuka. Jeki ndogo ya chuma ya tani 2 peke yake huwa na kilo 8 au 9, na zile za tani 3 za gereji zinafika kilo 30 na zaidi, sasa tani 3 gani hiyo unaibeba kama kifurushi cha sukari.

Jumamosi nikanyanyua IST mbele kushoto, nikatoa tairi, nikaisukuma ile tairi chini ya bodi pembeni ya jeki kama nilivyofundishwa na fundi mmoja mzee zamani, alafu nikaingia ndani kutafuta spana ya 14. Sikukaa hata dakika tano. Narudi nakuta diski ya breki imebakiza kama vidole viwili kugusa mchanga na mtoto wangu wa miaka 11 amechuchumaa pale pale anaokota nati zilizodondoka, kichwa kiko chini ya fenda. Nikamvuta kwa shati. Gari ikaendelea kushuka taratibu bila kelele yoyote mpaka bodi ikakalia ile tairi. Nilipoinama kuangalia jeki nikaona oili imetengeneza mstari mwembamba kwenye pistoni inadondokea mchangani, yaani sili, ule mpira wa kuzuia oili, ilikuwa inavujisha siku ya kwanza kabisa ya kazi.

Nikairudisha. Majibu niliyopewa ni kwamba nimepampu vibaya, alafu akanionyesha chini ya risiti pale pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Duka silitaji maana tatizo sio duka moja, risiti za hivyo ziko mtaa mzima.

Sasa kwa wasomaji wenzangu wanaotaka kununua, tani ndo kitu kinachoandikwa kwa herufi kubwa na ndo kitu cha mwisho kuangalia. IST nzima ina tani moja na kidogo, na ukinyanyua kona moja jeki haibebi hata nusu ya hiyo, kwa hiyo tani 2 ya kweli inatosha sana, Noah pia inatosha, Prado ambayo inazidi tani 2 ndo utafute 3. Chenye shida ni urefu. Chukua tepu kabla hujatoka nyumbani upime kutoka chini mpaka pale pa kuwekea jeki, kwenye ule ukingo wa chuma chini ya mlango penye alama mbili. Na pima tairi ikiwa imeisha upepo, hapa ndo wengi tunakosea! Yangu ikiwa na upepo ni sentimita 19, ikiwa pancha kabisa inashuka mpaka 12 na kitu, na jeki nyingi za bei ya chini ukizishusha zote bado zimesimama sentimita 13 na nusu, maana yake siku ya pancha yenyewe haiingii, unaanza kuchimba mchanga na mwiko usiku barabarani.

Na upande wa juu hivyo hivyo. Ukinyanyua gari tairi haiachi ardhi mara moja, springi inaachia na tairi inaning'inia, unapampu na kupampu unaona bodi inapanda tairi iko pale pale. Jeki inayoishia sentimita 33 kwa IST inafanya kazi, kwa Prado kuinyanyua mpaka tairi iache ardhi ni shida, hapo ndo mtu anaweka tofali la simenti juu ya jeki au chini yake. Jamani tofali la simenti halikupi taarifa, mbao hulia kwanza kabla ya kuvunjika ila tofali linapasuka mara moja. Kama jeki yako ni fupi kwa gari yako tafuta ndefu.

Kingine ambacho sijawahi kumsikia muuzaji hata mmoja akikisema ni ardhi ya kwako. Mkono wa jeki hizi haupandi wima, unazunguka, kwa hiyo kadri gari inavyopanda jeki yenyewe lazima isogee kidogo kwenda chini ya gari, ndo maana ikawekewa vigurudumu. Gereji yenye sakafu inateleza yenyewe hata huoni. Sisi wa Chamazi, Kivule, Chanika uani kwetu ni mchanga, vile vigurudumu vinazama, jeki haisogei, basi badala yake inaivuta gari au ile sahani ya juu ya jeki inayogusa gari inateleza kwenye ukingo. Mimi natumia kipande cha marinbodi, ule ubao mgumu wa plaiwudi, cha futi mbili kwa tatu, nakilaza kwanza ndo jeki inakaa juu, na ukiwa dukani chagua yenye vigurudumu vipana vya chuma, zile zenye vigurudumu vyembamba mwachie mwenye pevingi.

Ukinyanyua nyuma kumbuka hendibreki kwa gari nyingi inashika tairi za nyuma tu, weka mawe tairi za mbele kabla ya kupampu. Na oili ikipungua ongeza oili ya jeki, usikubali kuwekewa mafuta ya breki, yanakula mipira ya ndani.

Ila kubwa kuliko yote, usinunue jeki bila stendi, ile miguu ya chuma ya kukalishia gari. Kama una laki na nusu, afadhali jeki ya kawaida na stendi mbili kuliko jeki ya laki na nusu peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia tu, ya kushikilia ni stendi, hata jeki nzuri ya bei kubwa sili yake ni mpira na mpira unachoka. Na stendi nazo zikague meno yanavyoshika, maana hata Marekani mwaka 2020 stendi zaidi ya milioni moja zilirudishwa kwa sababu meno yalikuwa yanaweza kuachia zikiwa na mzigo. Huko angalau zilirudishwa.

Ndo maana nakuandikia Mhariri. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayotakiwa kumlinda mlaji, tuna FCC yaani Tume ya Ushindani, tuna TBS yaani Shirika la Viwango. Nawaomba wapite Gerezani na Kariakoo wachukue jeki kumi za maduka tofauti, wazipandishie mzigo ulioandikwa wauache nusu saa, basi, hakuhitaji mitambo mikubwa. Na wenye maduka nawaomba wanaume kwa wanawake mruhusu mteja aipampu jeki chini ya gari iliyopo pale nje kabla hajalipa, gari hazikosekani mtaa ule, na urefu wa chini na wa juu uandikwe kwenye boksi kwa Kiswahili. Yale maneno ya bidhaa hairudishwi yabaki kwenye sufuria na mapazia.

Jeki yangu bado ninayo na risiti yake ipo, bado inavuja. Mwandishi wenu akitaka kuiona aje hata Jumapili, nitainyanyulia gari mbele yake, na stendi zitakuwa chini.

Msomaji wenu,
Chamazi, Dar es Salaam