Pakiti isitupwe kabla pipi hazijaisha

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye maduka ya mitaani, hasa huku kwetu Zanzibar, kuhusu pipi za matunda za kutafuna zinazotoka nje na kuuzwa moja moja.

Siku chache kabla ya Idi, mwanangu wa miaka saba alirudi skuli na pipi tatu za Starburst mkononi: ya waridi, ya manjano na nyekundu. Nikamuuliza zimetiwa nini. Akanionesha karatasi zake, na kwenye karatasi hizo mlikuwa na jina tu. Nikaenda dukani mwenyewe. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, akanambia pakiti aliifungua asubuhi, pipi akazimimina koponi, pakiti akaitupa. “Mbona ni pipi tu, mama?”

Nyumbani nilikuwa na pakiti mbili za pipi hizo hizo. Moja ililetwa na wifi yangu kutoka Marekani, nyingine na mjomba kutoka London. Nikavaa miwani nikazisoma pamoja. Ya Marekani ina stroberi, cheri, chungwa na limau, na katika viungo vyake imo gelatini. Ya Uingereza haina cheri, ina matunda madogo meusi ya kwao wanayoyaita blackcurrant, na gelatini haimo kabisa. Jina moja, kampuni moja, mapishi mawili.

Gelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, na sehemu kubwa ya inayotumika viwandani duniani ni ya nguruwe au ng'ombe. Pakiti niliyoishika haikutaja mnyama. Na hata akiwa ng'ombe, sisi Waislamu tunataka kujua amechinjwa vipi. Mzazi hawezi kulijua hilo kwa kutazama kopo la kioo.

Rangi nazo zinatofautiana. Ya Marekani imeandikwa Red 40, Yellow 5 na Yellow 6. Ya Uingereza imetiwa rangi zinazotokana na mimea. Huko Ulaya, tangu Julai 2010, chakula chenye rangi hizo tatu, ambazo wao huziandika E129, E102 na E110, lazima kiwe na onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto. Sisemi ni sumu. Marekani zinaruhusiwa, na ubuyu wetu wenyewe nao unatiwa rangi nyekundu ambayo wengi wetu hatujawahi kuuliza ni ipi. Ninachosema ni kwamba mzazi wa Ulaya anasomeshwa onyo hilo kabla hajatoa pesa, na mimi napewa pipi iliyovuliwa maandishi yake yote.

Mjomba alinicheka. Amezila pipi hizi London tangu zikiitwa Opal Fruits, jina zilizoanza nalo mwaka 1960 mpaka lilipobadilishwa huko Uingereza mwaka 1998, na haoni sababu ya wasiwasi. Simlaumu, lakini pakiti anayoikumbuka yeye siyo aliyofungua kijana wa dukani. Mzigo wa wiki hii unaweza kuwa umetoka Marekani, wa wiki ijayo umetoka kwingine, na vyote vikaishia kwenye kopo lile lile.

Kuuza moja moja hakuna ubaya. Mtoto mwenye shilingi mia atanunua vipi pakiti nzima? Nililomwomba kijana yule ni jambo la mkasi na gundi: akate upande wa pakiti wenye viungo, aubandike kwenye kopo, na asichanganye pipi za pakiti mbili tofauti. Amekubali, na sasa ukisimama dukani kwake unasoma mwenyewe.

Nawaomba na wenye maduka wengine wafanye hivyo. Ndugu zetu wanaorudi safari nao wasigawe pipi kwa viganja huku pakiti imebaki kwenye begi. Na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, maofisa wenu wanapopita madukani kukagua tarehe za mwisho wa matumizi, waulize pia pakiti za pipi zilizo koponi ziko wapi.

Mama wa watoto watatu,
Kikwajuni, Zanzibar