Usinunue kabla hujapanda mizani

Mwanahawa mpenzi,

Salaam nyingi kwako, kwa mzee na kwa watoto. Umeniuliza kama hayo mablanketi mazito, yanayoshonewa punje ndani ili yawe na uzito, yanasaidia kweli, maana usiku wa tatu huu unageukageuka mpaka adhana ya alfajiri. Yanasaidia, shoga yangu, ila kwa joto la Dar es Salaam ukikosea kuchagua utalitupa chini kabla ya saa sita.

Kazi yake ni kuugandamiza mwili taratibu na sawasawa, kama mtoto anavyotulia mgongoni mbeleko ikikazwa vizuri. Mwaka 2020 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya watu 120 wenye sonona, wasiwasi na maradhi mengine ya akili waliokuwa wakikosa usingizi. Waliopewa blanketi la kilo 8, au 6 kwa walioona la 8 limewazidi, walipata nafuu kubwa ndani ya wiki nne kuliko waliopewa la kilo moja na nusu. Lakini kule Uingereza, utafiti wa 2014 kwa watoto wenye usonji haukuona wakilala muda mrefu zaidi, ingawa wao na wazazi wao walilipenda. Kwa hiyo litumie, ila dawa ulizoandikiwa usiziache.

Panda mizani kwanza. Kipimo kinachotumika ni sehemu moja ya kumi ya uzito wako: una kilo 60, chukua la kilo 6. Wewe anza na 5, kwa ajili ya joto na kwa kuwa hujalizoea. Wanaouza kwa ratili wasikuchanganye. Ratili 12 ni kama kilo 5 na nusu. Ukiamka mabega yanauma au vidole vya miguu vimekufa ganzi, limekuzidi.

Ukubwa upime kwa mwili wako, si kwa kitanda. Sentimita 120 kwa 180 zinatosha. Ukichukua la kufunika kitanda chote cha futi 5 kwa 6, pindo zitaning'inia na uzito wake utalivuta lote sakafuni usiku. Tena kilo zilezile zikitandazwa kwenye nguo pana hugandamiza kidogo. Na usichangie na mzee. Mwenye kilo 85 anahitaji lake.

Ndani tafuta punje za kioo, ndogo kama sukari. Za plastiki ni nene, zinachakarisha ukijigeuza, na blanketi linakuwa nene bure. Kitambaa kiwe pamba tupu. Yale yenye manyoya laini na sufi ya nailoni ndani ni ya nchi za baridi. Dukani likamate pindo moja, linyanyue, litikise. Ukisikia punje zikimiminika kwenda chini, vyumba vyake, yaani vile vifuko vilivyoshonwa kuzishika punje, ni vikubwa mno, na baada ya mwezi uzito wote utakuwa miguuni.

Bei ikikushinda, fundi cherehani yeyote makini atakushonea. Afue kitambaa kwanza kisinywee baadaye, akate vipande viwili, ashone pande tatu, kisha mistari 7 ya kushuka ili apate mifereji 8. Kila chumba kikiwa sentimita 15 kwa 15, safu zitakuwa 12, yaani vyumba 96. Kilo 5 ukizigawa humo ni gramu 52 kwa kila chumba. Pima mara moja kwenye mizani ya jikoni, tia alama kwenye kikombe, halafu chota kwa kikombe hicho. Mimina mfereji kwa mfereji, kung'uta punje zishuke, bana kwa pini juu yake, ndipo ashone mstari wa kukingama kuifunga safu hiyo, mrudie hivyo kwa kila safu. Wengi huharibu hapa: punje ikibaki kwenye mstari, sindano inavunjika. Mwambie aziache mbali na mshono kwa sentimita 2, na mishono iwe ya karibukaribu zisipenye. Mchele usithubutu, utaingia fukusi na ukungu, na hutaweza kulifua.

Likifika, siku za mwanzo kaa nalo mapajani jioni, dakika 20 hivi. Kisha lala nalo kuanzia kiunoni kwenda miguuni kwa wiki nzima, ndipo ulipandishe kifuani. Shingoni lisifike kamwe. Feni iwe inakupulizia. Chandarua kichomeke chini ya godoro kabla ya kulivuta blanketi, na pindo lisilalie chandarua. Likiteleza litakichomoa na mbu wataingia. Lipe wiki mbili kabla ya kusema limekushinda.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu kitinda mimba wako anayehamia kitandani kwako usiku. Blanketi hili halimfai kabisa. Mtoto mchanga au mdogo hana nguvu ya kulisukuma, na madaktari wa watoto wa Marekani walilikataza kwa wachanga katika mwongozo wao wa 2022. Akija, blanketi liondoke. Mama naye, kwa hiyo pumu yake, amuulize daktari kwanza. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, na yule anayekoroma mpaka pumzi zinakatika.

Kufua: livishe shuka jepesi la pamba, ufue shuka hilo kila wiki, blanketi lenyewe mara chache, kwa maji baridi bila dawa ya madoa. Likilowa huwa zito sana, hivyo usilining'inize kwenye kamba moja. Punje zitavuta mishono ifumuke. Litandaze juu ya mkeka kivulini, uligeuze mchana.

Niandikie kilo zako na kitambaa ulichopata, nikufanyie hesabu ya vyumba kabla hujampelekea fundi.

Wako,
Saida